Chambo cha Baridi: Watu Wasio na Majina Waliomfundisha Mvuvi Kutulia

Mwaka 1791 kilitoka kitabu cha safari cha mtaalamu mmoja wa mimea aliyezunguka kusini mwa Marekani hadi Florida. Katikati ya habari za miti, maua na mamba kuna kipande kifupi ambacho msomaji mwenye haraka anakiruka. Kinaeleza watu wawili ndani ya mtumbwi mdogo. Mmoja amekaa nyuma, anaongoza chombo taratibu kufuata ukingo wa mto. Mwenzake yuko mbele, ameshika ufito wa futi kumi au kumi na mbili, na mwisho wa kamba fupi kinaning'inia kitu cha ajabu: ndoana tatu kubwa zilizofungwa pamoja, zikavishwa nywele nyeupe za mkia wa kulungu, vipande vya kitambaa chekundu na manyoya ya rangi rangi. Bonge lote linakaribia ukubwa wa ngumi. Jamaa analichezesha juu ya maji, linagusa na kuinuka, hadi samaki mwenye mdomo mpana anatoka majanini na kulibugia.

Majina ya watu hao wawili hayakuandikwa. Mwandishi aliandika urefu wa ufito na rangi ya kitambaa, lakini wenyewe wamebaki "watu wawili". Zaidi ya miaka 200 baadaye, nywele za kulungu na manyoya bado zinafungwa kwenye ndoana kumnasa samaki yuleyule, na zinathaminiwa hasa katika miezi ambayo wavuvi wengi wameshafunga boti zao na kurudi ndani kuota moto.

Samaki huyo ni besi. Na kisa cha jinsi watu walivyojifunza kumvua wakati wa baridi, kwa sehemu kubwa, ni kisa cha watu wa namna hiyo: walioona jambo, wakalifanya, wakamwambia jirani, halafu jina likaandikwa kwenye boksi la mtu mwingine.

Besi huyu ni nani?

Si ile besi ya spika inayotikisa vioo vya daladala. Besi huyu ni samaki wa maji baridi yasiyo na chumvi, mwenyeji wa Amerika Kaskazini, rangi ya kijani iliyokolea, mlafi kweli kweli. Wapo wa aina kadhaa, ila maarufu ni wawili: besi mdomo mkubwa, anayependa maji yaliyotulia na majani, na besi mdomo mdogo, anayependa mawe na maji safi. Wote wanakula samaki wadogo, vyura na kamba wa mtoni. Mwaka 1881 daktari mmoja wa Kimarekani alimwandikia samaki huyu kitabu kizima, akimtetea mbele ya mabwana wakubwa walioamini kwamba samaki wa heshima ni trauti peke yake. Tangu hapo umaarufu wake haukushuka.

Kiangazi, kumvua besi hakuhitaji falsafa. Anakimbiza chambo, anaruka juu ya maji, anagombana na kila kinachopita mbele yake. Tatizo ni Desemba hadi Machi. Samaki hana moto wake mwenyewe mwilini. Joto lake ndilo joto la maji. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10 za selsiasi, mwili wake unapunguza mwendo wa kila kitu. Chakula alichomeza kinachukua siku nyingi kusagika. Misuli inakuwa mizito. Halafu maji yenyewe yana tabia yake: ni mazito kupita kiasi yanapofika nyuzi 4, kwa hiyo juu kunaweza kuwa na barafu huku chini kukiwa na uvuguvugu kidogo. Besi anashuka huko, anajibanza kwenye mteremko au kando ya mkondo wa zamani, anatulia tuli.

Kumrushia samaki wa namna hiyo chambo kinachokwenda mbio ni sawa na kumwamsha mtu saa tisa usiku umwambie twende tukakimbie. Hakuchukii. Hana tu nguvu za kupoteza. Lakini mlango haujafungwa kabisa: kitu kidogo, kinyonge, kikipita karibu na mdomo wake bila haraka, atakimeza. Hapo ndipo historia ilipoanzia.

Kijiko kilichoanguka ziwani

Hadithi inayosimuliwa sana inatoka jimbo la Vermont, miaka ya mwanzo ya karne ya 19. Kijana mmoja alikuwa anakula ndani ya mtumbwi, kijiko kikamponyoka. Kikawa kinashuka majini kikiyumba huku na huku, kinameremeta, na kabla hakijafika mbali samaki mkubwa akakidaka. Kijana akarudi nyumbani, akakata mpini wa kijiko kingine, akatoboa tundu na kufunga ndoana. Inawezekana hadithi imeongezwa chumvi, kama hadithi zote za wavuvi. Lililo kwenye kumbukumbu ni kwamba mwaka 1852 mtu huyo alipata hataza ya chambo cha chuma cha namna hiyo, na biashara ikaenda.

Kwa mvuvi wa baridi, lililo muhimu ni jinsi kijiko kile kilivyokuwa kinaanguka, kwa sababu hakuna aliyekuwa anakivuta. Kwenye mabwawa ya kusini mwa Marekani kuna visamaki vya fedha viitwavyo shadi, ambavyo besi anavipenda kama watu wa ziwani wanavyopenda dagaa. Shadi wadogo hawavumilii baridi. Maji yakikaribia nyuzi 5 wanaanza kupoteza fahamu, wanatetemeka, wanazama polepole wakiyumba, mmoja hapa mwingine pale. Besi hahitaji kukimbiza. Anasubiri chini, chakula kinamshukia kama mvua.

Kijiko kinachoshushwa wima kutoka kwenye boti, kikainuliwa kwa shibiri moja au mbili na kuachwa kianguke chenyewe, kinaigiza kifo hicho. Ndiyo maana hadi leo kijiko cha fedha kisicho na mapambo yoyote hakikosekani kwenye sanduku la mvuvi wa Januari. Na besi karibu kila mara anakidaka kikiwa kinashuka, si kikipanda. Asiyejua hilo anavuta mkono juu kwa bidii siku nzima na kurudi mikono mitupu.

Ngozi ya kitimoto

Sasa twende Wisconsin, miaka ya mwanzo ya 1920. Kampuni iliyozaliwa na kisa hiki ilikuwa inakisimulia hivi: wavuvi wawili waliishiwa vyura wa kutumia kama chambo. Wakachukua ngozi ya nguruwe, wakaikata umbo la chura, wakaitupa majini. Samaki hawakuuliza swali.

Ngozi hiyo, ikiwa imelowekwa kwenye maji ya chumvi na kuuzwa ndani ya chupa, ikaja kuwa mfalme wa majira ya baridi. Ilifungwa nyuma ya jigi, yaani ndoana yenye kichwa cha risasi na shada la nywele au nyuzi za mpira. Mwaka 1949 mke na mume wa Akron, Ohio, walikuwa wamepika jikoni kwao mnyoo wa kwanza wa plastiki uliokuja kutikisa soko, na wengi wakadhani habari ya ngozi imekwisha. Kumbe plastiki za zamani zilikuwa na ugonjwa: kwenye maji ya baridi ziligeuka ngumu kama kamba iliyokaukiwa na gundi. Ngozi ya kitimoto ilibaki laini, ikipepea hata jigi ilipokuwa imelala chini haifanyi kitu.

Kutumia jigi na ngozi ni mtihani wa subira. Unaishusha hadi chini, unaiburuta polepole juu ya mawe, kisha unaiacha. Kamba wa mtoni wakati wa baridi naye hana mbio, anatambaa kama mzee anayetafuta miwani. Mvuvi anayefanikiwa ni yule anayeweza kuigiza mzee huyo kwa saa nne bila kuchoka.

Kampuni ile iliacha kutengeneza chambo cha ngozi mwaka 2015. Sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba nguruwe wa siku hizi wanachinjwa wakiwa wadogo, ngozi zao ni nyembamba mno. Wazee waliobakiwa na chupa walizificha.

1936: bonde lililozama

Mwaka 1933 serikali ya Marekani iliunda mamlaka ya Bonde la Tennessee, TVA, kujenga mabwawa ya umeme na kuzuia mafuriko katika eneo lililokuwa maskini sana. Bwawa lake la kwanza, Norris, lilikamilika mwaka 1936. Ili ziwa lijae, karibu familia 3,000 zilihamishwa, na maelfu ya makaburi yakafukuliwa na kuzikwa kwingine. Mashamba, barabara, misingi ya nyumba na kuta za mawe vikabaki chini ya maji.

Hili si jambo la kupita nalo haraka. Umeme ulikuja, ni kweli. Lakini kuna watu waliozeeka wakitazama maji juu ya shamba la baba yao. Na besi, ambaye kabla ya hapo alikuwa samaki wa mto, akapata nyumba mpya yenye kina kirefu na maji safi. Wakati wa baridi anapenda kulala kando ya mkondo wa zamani, kwenye tuta la barabara iliyozama au kwenye mawe ya msingi wa nyumba. Leo mvuvi ananunua chombo cha sauti na ramani ya kidijitali kumwonyesha mahali hapo. Zamani hizo, aliyekumbuka barabara ilipinda wapi alikuwa na ramani hiyo kichwani. Aliijua kwa kuipoteza.

Mashariki mwa Tennessee, kwenye maziwa hayo yenye kina, ndiko ilikokomaa mbinu moja inayochekesha wageni. Inaitwa kwa kifupi kiboya na nzi. Fimbo ndefu, laini. Uzi mwembamba. Jigi ndogo sana ya nywele au manyoya, uzito wa gramu 2 hivi, imening'inizwa mita 3 chini ya kiboya. Unaitupa, halafu hufanyi kitu. Mawimbi madogo yanakitikisa kiboya, kiboya kinaitikisa jigi, na kule chini kinaonekana kisamaki kilichoganda kwa baridi kikielea bila nguvu. Kiboya kikilala ubavu badala ya kusimama wima, maana yake besi ameinua chambo. Vuta.

Mtu aliyezoea kurusha na kuvuta mara mia kwa saa anaona huo ni uvuvi wa watoto. Ila maji yakiwa nyuzi 7 na jua halipo, huyo mtoto ndiye anayerudi na samaki.

Mwaka uleule, nchi nyingine

Mwaka huohuo 1936, nchini Finland, mvuvi mmoja maskini mwenye familia kubwa alikuwa amechoka kupoteza muda akitia chambo kwenye mamia ya ndoana. Akiwa anapiga makasia, alikuwa anatazama samaki wakubwa wanavyokula. Akagundua kwamba katika kundi zima la visamaki, mkubwa anamfuata yule mmoja anayeogelea vibaya, anayeyumba kidogo kama mgonjwa. Akachukua kizibo cha miti, akachonga samaki kwa kisu cha fundi viatu. Akamvisha karatasi ya fedha ya chokoleti. Hakuwa na vanishi, akayeyusha filamu za picha na kumpaka. Kisha akamrekebisha na kumrekebisha hadi ayumbe sawasawa na yule mgonjwa.

Chambo hicho kilivuka bahari hadi Marekani, na Agosti 1962 jarida la Life likakiandikia makala. Bahati ya ajabu: lilikuwa ni toleo lenye picha ya jalada ya yule nyota wa filamu mwenye nywele za dhahabu, aliyefariki mwanzoni mwa mwezi huo. Nchi nzima ilinunua nakala kwa ajili ya msiba. Waliofungua kurasa za ndani wakakutana na samaki wa kuchonga. Maagizo yakamiminika kuliko karakana ile ilivyoweza kutengeneza. Watu wakalia jalada, wakanunua chambo.

Huyu wa Finland walau jina lake la ukoo lilibaki kwenye boksi. Waliofuata hawakuwa na bahati hiyo.

Risasi ndani ya plastiki

Milima ya Ozark, kati ya Missouri na Arkansas, nayo ilipata mabwawa yake makubwa katikati ya karne ya 20: Bull Shoals, Table Rock, Beaver. Maji safi sana, mawe matupu, baridi ya kutosha. Waongozaji wa huko, watu wanaoishi kwa kuwapeleka wateja majini, walikuwa wanatumia samaki bandia wembamba wa plastiki. Vilikuwa vinazama vikivutwa, lakini ukiacha kuvuta vinaelea juu. Hapo besi wa baridi anaghairi. Hawezi kupanda kumfuata.

Wakaanza kuvifanyia upasuaji. Wengine walitoboa tumbo la chambo, wakaingiza risasi, wakaziba kwa gundi. Wengine walizungusha waya wa kulehemu kwenye ndoana. Kila kimoja kilijaribiwa kwenye ndoo au sinki la maji ya baridi, kwa sababu chambo kinachosimama katikati ya maji ya uvuguvugu kitapanda kwenye maji ya baridi, ambayo ni mazito zaidi. Lengo lilikuwa moja: ukivuta kishtuke, ukiacha kisimame palepale, kisipande wala kisishuke.

Kisha wakahesabu. Sekunde tano. Kumi. Maji yakiwa nyuzi 5, hata thelathini. Besi anakuja, anasimama sentimita chache nyuma ya kitu hicho, anakitazama, na mwisho uvumilivu unamshinda. Mara nyingi mvuvi hahisi pigo lolote. Anaona uzi umelegea au umezito kidogo. Miaka ya baadaye viwanda vya Marekani na Japani vilitoa vyambo vinavyosimama majini moja kwa moja kutoka kwenye boksi, na leo vinauzwa kwa bei ya kununua kuku wawili. Waliotoboa vya kwanza jikoni kwao hawakupata hataza. Wengi wao walipata samaki tu, na wateja waliorudi.

Ozark hiyohiyo kuna kisa kingine cha kuchekesha. Kulikuwa na chambo kifupi, tumbo nene, chenye ulimi wa plastiki mbele, kilichotengenezwa Oklahoma tangu miaka ya 1970. Mwishoni mwa baridi kilikuwa kinagonga mawe kama kamba wa mtoni anayeamka. Mwaka 1999 kampuni iliuzwa, utengenezaji ukahama. Wavuvi wakaapa kwamba vipya havitingishiki kama vya zamani. Basi vile vya zamani vikawa dhahabu. Vikapekuliwa kwenye masanduku ya marehemu na kwenye minada ya uani, na kitu kilichouzwa kwa dola chache kikawa kinabadilishana mikono kwa mara nyingi ya bei hiyo. Mjane asiyejua alichonacho alikuwa anauza sanduku zima kwa bei ya soda.

Mwavuli na mkwanja

Oktoba 2011, kwenye ziwa Guntersville huko Alabama, mshindi wa shindano moja alipima zaidi ya ratili 102 za besi kwa siku nne, kama kilo 46. Chambo chake kilikuwa kimeundwa na mtu wa Alabama hiyohiyo: nyaya tano zilizofunguka kama mwavuli, kila waya una kisamaki chake. Samaki haoni chambo kimoja, anaona kundi. Ndani ya wiki chache, madukani vilikwisha. Waandaaji wa ligi moja kubwa wakakipiga marufuku kwenye mashindano yao ya juu, na majimbo kadhaa yakabana idadi ya ndoana. Wengine walisema ni ujanja uliopitiliza. Wengine walisema wenye wivu hawakosi sababu. Kwenye maji ya baridi, ambako shadi hukusanyika makundi makubwa na kwenda polepole, mwavuli ule ukivutwa taratibu ulikuwa, na bado ni, balaa.

Lakini kisa kinachokata mzizi wa fitina ni cha Februari 2015. Shindano kubwa kuliko yote ya besi lilifanyika ziwa Hartwell, mpakani mwa South Carolina na Georgia. Siku ya kwanza baridi ilikuwa kali hadi kuondoka kwa boti kukacheleweshwa. Vitundu vya fimbo vinavyopitisha uzi vinaganda, vidole vinakufa ganzi. Kulikuwa na wavuvi wenye wadhamini wa kila aina, mavazi yamejaa nembo kama magari ya mbio. Zawadi: dola 300,000.

Alishinda kijana mwenyeji wa South Carolina, ambaye pia huimba muziki wa kantri, kwa ratili 50 na ushee. Chambo kilichomfikisha hapo hakikuwa kwenye tangazo lolote. Kilikuwa kichwa cha risasi chenye bapa dogo linalozunguka chini yake na kisamaki cha plastiki nyuma, na kichwa hicho kilitengenezwa kwa mkono na baba yake. Mzee ameyeyusha risasi nyumbani, mwana amebeba kombe mbele ya kamera.

Wa leo achague nini?

Ukiyakusanya hayo yote, somo linabaki fupi. Kwanza, pima maji kabla ya kufungua sanduku. Nyuzi 10 hadi 7, samaki bandia anayesimama majini bado anafaa, mradi mapumziko yawe marefu. Chini ya hapo, kijiko cha kushusha wima, bapa la chuma linalotetemeka, au jigi ya nywele. Pili, punguza ukubwa. Tatu, maji yakiwa safi tumia rangi za kisamaki halisi: fedha, nyeupe, kijivu; yakichafuka, hudhurungi ya kamba au nyekundu inayoonekana. Nne, mchana ni bora kuliko alfajiri; miale michache ya jua kwenye mawe inaweza kuongeza nusu nyuzi, na nusu nyuzi kwa besi ni karamu. Tano, ukiona unakwenda polepole vya kutosha, punguza tena.

Na la sita halihusu samaki. Maji hayohayo yanayomlaza besi yanamuua mvuvi. Wakufunzi wa uokoaji hufundisha hesabu ya 1-10-1: ukianguka, una dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 hivi za mikono kufanya kazi, na saa 1 hivi kabla ya kupoteza fahamu. Anayevaa jaketi la kuokolea wakati wote si mwoga. Katika orodha ya watu wasio na majina wa mchezo huu, wamo pia wasiorudi.

Besi Afrika Mashariki

Besi mwenyewe aliwahi kusafirishwa hadi huku. Mwaka 1929 besi mdomo mkubwa aliingizwa ziwa Naivasha, Kenya, na mwaka 1970 akafuatiwa na kamba mwekundu wa mtoni kutoka Louisiana, chakula anachokijua tangu kwao. Naivasha iko mita 1,890 hivi juu ya usawa wa bahari na asubuhi za Julai zinataka sweta, lakini maji hayakaribii kabisa nyuzi 10. Besi wa kule hajui baridi ya Tennessee ni kitu gani.

Ila kuna kitu kilichosafiri upande wa pili. Jigi laini kuliko zote za majira ya baridi zinafungwa kwa manyoya yaitwayo marabu, yanayopumua majini hata bila kuguswa. Jina hilo ni la ndege: kongoti, yule mwenye upara anayesimama kwenye majalala ya Kampala na Nairobi kama karani aliyefiwa. Manyoya yake meupe ya chini yalipendwa kwanza na wanamitindo wa Ulaya, kisha na wafungaji wa vyambo. Siku hizi yanatoka kwa bata mzinga, jina limebaki. Ndege aliyefukuzwa kwa mawe sokoni ana jina lake kwenye kila duka la uvuvi la Marekani.

Wale wawili wa mtumbwini hawakupata hata hilo. Walichoacha ni nywele za kulungu, manyoya kidogo na mkono usio na haraka. Wengine wote, wa kijiko, wa ngozi, wa kisu cha fundi viatu, wa risasi jikoni, waliongeza kitu kimoja kimoja juu ya hapo. Januari hii pia, mahali fulani Tennessee, kuna mtu ameketi kwenye boti, vidole vimekufa ganzi, anakitazama kiboya ambacho hakifanyi chochote. Bado hajavuta.